Kifaa Kikiingia Leba, Kitabu Nacho Hubadilika

Saa tisa usiku, mkunga yuko zamu peke yake, na mtoto anatoka amelegea. Halii wala hapumui. Mkunga anamfuta, anamsugua mgongo, anamvisha barakoa na kumpulizia hewa kwa ambu. Dakika zinakwenda. Mtoto asipoamka, bado inabaki kazi moja: kujaza mstari katika kitabu cha MTUHA namba 12, rejista ya leba. Safu ya hali ya mtoto inataka jibu moja tu. Alizaliwa hai kisha akafa, au alizaliwa mfu? Kinachotenganisha majibu hayo ni mapigo ya moyo, na mapigo ya kichanga aliye hoi hayasikiki kirahisi kwa mtu ambaye mikono yake miwili imeshika ambu na barakoa. Mara nyingi huandikwa FSB, kifupi ambacho kila mkunga anakijua: mtoto mfu ambaye ngozi yake haijaharibika, aliyefariki muda mfupi kabla ya kutoka.

Mkunga huyohuyo sasa apewe NeoBeat, ukanda mdogo unaovishwa kifuani mwa kichanga na kuonyesha kasi ya moyo kwa tarakimu ndani ya sekunde chache. Mtoto yuleyule huenda akaonekana ana mapigo 50 kwa dakika. Mkunga hataacha kumpulizia hewa, kwa sababu anaona kwa macho yake kwamba uhai upo. Baadhi ya watoto wa namna hiyo wataokoka. Watakaofariki wataandikwa mahali pengine kabisa: kifo cha kichanga. Atakayefungua kitabu mwaka mmoja baadaye na kuhesabu vifo vya vichanga peke yake anaweza kuondoka akiamini kwamba kifaa kimeleta vifo.

Kifaa kipya cha tiba hubadilisha mambo mawili kwa mpigo: yale yanayompata mgonjwa, na namna yale yanavyoandikwa. Anayetaka kupima la kwanza kwa kutumia rekodi za kila siku hana budi kulijua la pili kabla hajahesabu chochote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mganga mfawidhi, mkunga kiongozi, mtunza kumbukumbu za afya, mratibu wa MTUHA wa halmashauri na mwanafunzi wa tiba anayetafuta mada, kwa ufupi, kwa kila anayeulizwa na wakubwa zake, "Kile kifaa tulicholetewa, kimesaidia?" na ambaye hana fedha za utafiti mkubwa ila ana kabati lililojaa vitabu.

Mikoa mitano, vituo thelathini

Tabora ina mfano wa karibu wa upimaji wa namna hii. Mkoa huu ulikuwa mmoja wa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, iliyoingia katika mpango wa Safer Births Bundle of Care, ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom pamoja na washirika wa Tanzania na Norway. Vituo 30 vyenye uzazi mwingi vilipewa vifaa na mafunzo. Kulikuwa na Moyo, kifaa kinachofungwa tumboni mwa mama na kufuatilia mapigo ya mtoto wakati wa uchungu. Kulikuwa na NeoBeat, na ambu inayoshikwa wima ili barakoa ikae vizuri usoni mwa kichanga. Kulikuwa pia na midoli ya mafunzo, na wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale leba badala ya kupelekwa semina mjini.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakihusu takriban mama na watoto 300,000. Vifo vya watoto, yaani wale waliofia tumboni wakati wa uchungu pamoja na vichanga waliofariki ndani ya saa 24, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Ukivitenganisha, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka sana, kutoka 6.4 hadi 4.2. Vya wakati wa uchungu vilisogea kidogo tu, kutoka 8.6 hadi 8.1.

Tarakimu hizo zisomwe polepole, kwa sababu zina mafunzo kadhaa kwa mtu wa Nzega au Urambo anayetaka kufanya kazi yake ndogo. Kipimo kikuu kilijumlisha watoto waliozaliwa wafu na vichanga waliofariki mapema. Mtoto akihamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine kwa sababu sasa mapigo yake yanaonekana, jumla haitikisiki; itashuka tu pale mtoto atakapookoka kweli. Kila unapopima kifaa kinachogusa utambuzi, tafuta jumla ya namna hiyo, ambayo kuhama kwa majina hakuwezi kuidanganya.

Tena, mikoa haikuanza siku moja. Iliingia kwa zamu, kwa mpangilio uliopatikana kwa kura, hivyo kulikuwa na miezi ambayo baadhi ya mikoa ilishaanza na mingine bado. Jambo hili lina uzito mkubwa katika Tanzania ya miaka hiyo. Mwaka 2022 ndipo m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga unaopigiwa simu namba 115, ulipozinduliwa kitaifa. Vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji vilikuwa vikifunguliwa nchi nzima, na katika bajeti ya 2018/19 pekee serikali ilianza ujenzi wa hospitali 67 za wilaya. Ukilinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada katika leba moja, utakuwa umepima kifaa, gari la wagonjwa na chumba kipya cha upasuaji kwa pamoja, bila njia ya kujua kila kimoja kimechangia nini.

La mwisho: mpango huo uliweka wakusanyaji takwimu katika kila kituo. Hawakutegemea jumla za mwezi. Walirudi kwenye mafaili, partografu na rejista.

Keti na anayeandika

Kwa hiyo kazi haianzii kwenye kompyuta. Anza kwa kukaa asubuhi nzima leba, au kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, karibu na mtu anayejaza kitabu, na umwombe akuonyeshe mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Unaandika saa ngapi, mtoto anapozaliwa au mwisho wa zamu? Unanakili kutoka wapi? Nafasi tupu ina maana gani: hapana, sijui, au kazi ilizidi? Uzito unapimwa kwa mizani ipi, na ilipoharibika mlifanyaje? Majibu yaandikwe kwenye daftari, safu kwa safu. Daftari hilo litakufaa kuliko programu yoyote ya takwimu.

Kisha kiangalie kitabu chenyewe kwa jicho la mtu asiye na haraka. Chukua kurasa kumi na usome safu ya uzito kutoka juu hadi chini. Kama karibu kila mtoto ana kilo 2.5, 3.0 au 3.5, mizani ilisomwa kwa makadirio, na utafiti wowote unaotegemea gramu hautasimama. Soma alama za Apgar. Kama kila mtoto ana 8 dakika ya kwanza na 10 dakika ya tano, akiwemo aliyefariki saa moja baadaye, basi alama hizo zilijazwa kwa mazoea na haziwezi kukuambia kama ambu mpya imesaidia. Haifai kumlaumu mtu hapa. Mkunga mmoja akiwa na wajawazito wanne kwa usiku mmoja atachagua kumhudumia mama kabla ya safu, na amechagua vema.

Baada ya hapo fanya ulinganisho wa pande tatu. Teua mwezi mmoja, hesabu mwenyewe uzazi na vifo kwenye rejista, linganisha na fomu ya taarifa ya mwezi iliyopelekwa halmashauri, kisha linganisha na kilichomo kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya taarifa za vituo vyote nchini. Zikipishana kidogo, ni kawaida ya kupiga tali kwa mkono. Zikipishana mno, rejista ndiyo ya kuaminiwa, na takwimu za mtandaoni ziwekwe kando hadi sababu ijulikane. Usisahau pia kwamba DHIS2 hubeba jumla tu. Itakuambia kituo kilikuwa na uzazi kiasi gani na vifo vingapi, lakini haiwezi kukuambia kama mtoto aliyefariki ndiye aliyevishwa NeoBeat. Kwa swali hilo ni lazima urudi kwenye mstari wa mtu mmoja mmoja.

Kituo kilichohamia mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS katikati ya kipindi chako kitahitaji uangalifu wa ziada. Mfumo wa kuandika ukibadilika, hesabu hupanda au kushuka hata kama hakuna kilichobadilika wodini. Weka alama kwenye tarehe hiyo na uichukulie kama kifaa kingine kilichoingia.

Homa iliyobadilishwa jina

Mfano bora zaidi wa kitabu kubadilishwa na kipimo uko katika kila zahanati ya Tabora, na ni wa malaria. Mkoa huu ndio ulioongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022: asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8.

Kabla ya kipimo cha haraka, mRDT, kuenea nchini, homa ilikuwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na zahanati nyingi hazikuwa na darubini ya kuthibitishia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,400 waliokuwa wakitibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukakuta chini ya nusu yao ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu. Miaka miwili baadaye nchi ilihamia dawa mseto, ALu, iliyo ghali kuliko SP iliyotangulia, na kumpa kila mwenye homa kukawa mzigo usiobebeka. Ndipo mRDT ikaingia.

Fikiria sasa mtu anayefungua kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, katika zahanati ya Sikonge, na kuhesabu mistari yenye neno malaria miaka miwili kabla ya mRDT na miwili baada yake. Ataona mteremko mkali. Atataka kuandika ripoti kwamba malaria imepungua, pengine aisifie neti. Lakini sehemu kubwa ya mteremko huo ni homa zilizobadilishwa jina: zile zile zilizokuwa zikiitwa malaria bila kupimwa, sasa zinaitwa maambukizi ya njia ya hewa, au homa isiyojulikana sababu. Mbu hawajui kwamba kipimo kimefika.

Swali linaloweza kujibiwa na vitabu hivyo ni jingine: je, mRDT imebadilisha matibabu? Kwa hilo kuna njia tatu zinazosaidiana. Ya kwanza ni uwiano wa waliopimwa wakakutwa na vimelea kwa wote waliopimwa. Vitabu vya MTUHA hutenganisha malaria iliyothibitishwa kwa darubini, iliyothibitishwa kwa mRDT, na ile iliyoandikwa kwa dalili tu. Ya pili ni leja ya stoo. Dozi za ALu zilizotoka zikizidi mno idadi ya waliothibitishwa, kuna wagonjwa wanaopewa dawa licha ya kipimo kusema hapana. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: angalia antibayotiki. Dar es Salaam, ambako mRDT zilifuatiliwa kwa makini na matokeo kuchapishwa mwaka 2011, dawa za malaria zilipungua sana lakini antibayotiki zikaongezeka. Mganga aliyezoea kumwandikia mama dawa ya homa hatamrudisha mikono mitupu. Anayehesabu ALu peke yake atasherehekea nusu ya habari.

Kuna mtego mwingine. Aina ya mRDT inayotumika sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona. Mtoto aliyetibiwa tarehe 3 akirudi tarehe 20 na mafua, anaweza kuonekana ana malaria tena. Kwa rejista ambayo kila ziara ni mstari mpya, huyo ni wagonjwa wawili. Ukitaka kupima kama dawa inafanya kazi, mistari ya namna hiyo itakupotosha. Waondoe kwanza wale waliorudi ndani ya mwezi mmoja, au walau wahesabiwe kando.

Kwa anayetaka kufuatilia malaria yenyewe, neti mpya au unyunyiziaji wa dawa ukutani, kitabu namba 6 cha wajawazito kina thamani ya pekee. Mjamzito hupimwa malaria katika hudhurio lake la kwanza la kliniki, awe na homa au asiwe nayo. Hakuchaguliwa kwa kuumwa, hivyo kubadilika kwa mazoea ya waganga hakumgusi sana. Utafiti wa mwaka 2019 ulitumia takwimu hizo za kliniki kwa Tanzania Bara yote kuonyesha jinsi maambukizi yanavyotofautiana mahali kwa mahali.

Tarehe ya kufika na tarehe ya kutumika

Kifaa kikishushwa kutoka gari la Bohari ya Dawa, hati husainiwa na tarehe huwekwa. Wapimaji wengi huichukua tarehe hiyo kama mpaka kati ya kabla na baada. Ni kosa linaloweza kuua tathmini nzima. Boksi huenda likakaa stoo likisubiri mafunzo. Aliyefunzwa huenda akahamishiwa Kaliua mwezi uliofuata. Betri huisha, soketi ya kuchajia iko ofisini kwa matroni na ofisi imefungwa wikendi, vitendanishi hukatika kwa wiki tatu.

Kwa hiyo tengeneza kalenda ya kifaa, mwezi kwa mwezi: kilifika lini, kilifunguliwa lini, nani alifunzwa, kilikuwa kizima siku ngapi, vitendanishi vilikuwepo siku ngapi. Leja ya stoo, daftari la matengenezo na ratiba za zamu vitakupa karibu yote. Wenzetu wa Kenya wamejifunza hili kwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni. Mtandao wa hospitali za kaunti ulioanzishwa mwaka 2013, ambao husoma mafaili ya watoto waliolazwa, uliwezesha kuona kwamba hospitali zilitofautiana sana katika kukitumia kipimo hicho kwa watoto. Kuwa nacho na kukitumia ni mambo mawili, na faili la mgonjwa ndilo linalosema ukweli wa la pili.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Kifaa kizuri hupewa mgonjwa aliye hoi zaidi. Mashine ya oksijeni ikiwa moja wodini, itapelekwa kwa mtoto anayekaribia kuzidiwa. Ukilinganisha waliotumia na wasiotumia, waliotumia watakuwa wamekufa wengi zaidi, na karatasi itasema oksijeni ni sumu. Vivyo hivyo kwa hospitali. Kitete, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hupokea akina mama waliokwisha kuharibikiwa njiani; vifo vyake haviwezi kuwekwa kando ya vifo vya zahanati inayozalisha wasio na matatizo. Linganisha kituo na kituo hichohicho kwa miezi mingi, au vituo vya ngazi moja, na uwatenge waliopewa rufaa kuingia. Kama rejista ina kipimo chochote cha hali ya mgonjwa alipofika, kama vile joto, upungufu wa damu, au mapigo ya mtoto tumboni wakati mama anapokelewa, kitumie kuwagawa wagonjwa makundi kabla ya kulinganisha.

Linganisha pia msimu na msimu. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili, na malaria hufuata nyuma yake. Kifaa kilichoanza Machi kikipimwa Agosti kitaonekana kimefanya miujiza. Anayetaka kulinganisha achukue Agosti mbili, au bora zaidi mfululizo wa miezi 24 kabla na 24 baada, kila mwezi ukiwa nukta yake kwenye karatasi ya grafu. Macho yatakuonyesha mengi kabla ya hesabu yoyote: kama mstari ulikuwa ukishuka tangu kabla ya kifaa, basi kifaa kilikuta safari imeshaanza.

Idadi ndogo

Kituo cha afya chenye uzazi 40 kwa mwezi kina 480 kwa mwaka. Kwa kiwango cha vifo 15.3 kwa 1,000, kitegemee watoto saba watakaofariki kwa mwaka. Kwa kiwango kilichoboreshwa cha 12.5, sita. Mtoto mmoja ni wa thamani yote duniani kwa mama yake, lakini kwa takwimu, saba na sita havitofautiki. Kanuni ya haraka ni kutafuta kipeuo cha pili cha idadi ya vifo na kukizidisha kwa mbili: kwa saba, ni kama tano. Kituo hicho kinaweza kuwa na vifo 2 mwaka huu na 12 mwaka ujao kwa bahati tu, bila kitu chochote kubadilika.

Ndiyo sababu mpango ule wa mikoa mitano ulihitaji vituo 30 na miaka mitatu. Aliye na kituo kimoja asikate tamaa, ila abadilishe swali. Vifo ni vichache. Hatua zinazozuia vifo ni nyingi. Ni vichanga wangapi kati ya waliozaliwa bila kupumua walipuliziwa hewa ndani ya dakika moja? Ni akina mama wangapi walisikilizwa mapigo ya mtoto kila nusu saa? Hizo zinahesabika mamia kwa mwaka, na mabadiliko yake yataonekana. Au unganisha nguvu: vituo vya Uyui, Igunga na Nzega vikikubaliana kuandika kwa namna moja, hesabu yao ya pamoja itakuwa na uzito ambao hakuna kimoja kinaweza kuupata.

Kule kwenye nchi zenye rekodi zilizounganishwa, ukubwa huo umewahi kuokoa watu. Nyonga bandia za chuma za aina ya ASR ziliondolewa sokoni Agosti 2010, baada ya rejista za viungo bandia za Australia na Uingereza kuonyesha kwamba wagonjwa waliowekewa walikuwa wakirudi kufanyiwa upasuaji upya kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Hospitali moja isingeliona.

Wagonjwa wa njia ya msafara

Tabora imekuwa njia panda tangu misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipokutania Unyanyembe, kisha reli ya kati ilipofika mwaka 1912 na tawi la Mwanza mwaka 1928. Mmoja wa watu wa mwanzo kufanya kitu kinachofanana na kazi hii katika eneo letu alitegemea habari za misafara ya namna hiyo. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870, aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara wapi walikutana na kipindupindu na lini, akayaweka majibu pamoja na aliyoyaona mjini Unguja, na mwaka 1876 akachapisha London kitabu kilichoonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara. Hakuwa na maabara. Alikuwa na tarehe na mahali, na subira ya kuzilinganisha.

Watu wa Tabora bado wanasafiri. Mfugaji huhama na ng'ombe, mkulima wa tumbaku huhamia mashamba mapya, mrina asali hukaa porini majuma, na mama hurudi kwao kujifungua. Rejista haisafiri nao. Jina huandikwa Kaliua kwa namna moja na Kitete kwa nyingine, umri hukadiriwa, mwanamke huandikwa kwa jina la mume hapa na la baba kule. Kutorudi kliniki hakumaanishi kwamba mtu amefariki wala amepona. Kama kifaa chako kinahitaji ufuatiliaji wa miezi, tumia rekodi zenye namba inayomfuata mtu. Kadi za CTC za wanaoishi na virusi vya UKIMWI zinayo, na kwa wajawazito kuna kadi namba 4 ambayo mama huibeba mwenyewe. Mwombe aionyeshe, kwa kuwa mara nyingi ina mengi kuliko kitabu cha kituo. Kwa mengine yote, chagua matokeo yanayotokea kabla mgonjwa hajatoka getini.

Ruhusa

Rekodi ni za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kituo kinachotathmini huduma zake kwa matumizi ya ndani kinafanya kazi yake ya kawaida. Anayekusudia kuchapisha anahitaji kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, yenye kituo chake Tabora mjini, pamoja na barua za mkoa na halmashauri. Nakili umri, tarehe na matokeo. Acha jina kitabuni. Usipige picha ukurasa mzima kwa simu yako na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi ni la wafanyakazi watupu. Katika kijiji kidogo, "mama wa miaka 41, uzazi wa tisa, Februari" ni jina tayari.

Kifaa kikionyesha kasoro au kumdhuru mtu, usisubiri miezi 24 itimie. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hupokea taarifa za vifaa tiba kama inavyopokea za dawa, na taarifa moja iliyoandikwa vizuri, yenye aina na namba ya toleo la kifaa, inatosha kuanzisha uchunguzi.

Grafu ikikamilika, wapelekee kwanza wakunga na waganga waliozijaza safu hizo, kabla ya kikao cha halmashauri. Watakuambia kwamba ule mwezi uliopanda ghafla ndio mwezi barabara ilipokatika, au kwamba mwezi usio na kifo hata kimoja ni ule ambao kitabu kilijaa na wakawa wanaandika kwenye daftari la shule. Litafute daftari hilo kabla hujafunga hesabu. Na kwa kuwa rejista haina safu ya vifaa vipya, kubalianeni hapohapo alama fupi ya kuandika kwenye safu ya maelezo, mathalani NB kwa mtoto aliyevishwa NeoBeat na mapigo ya kwanza yaliyoonekana, ianze tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na ibandikwe ukutani juu ya meza ya leba pamoja na jina la atakayeikagua kila Ijumaa.